Kibanda cha Fundi wa Mahema

Fundi wa mahema alikuwa mtu wa maneno mengi mpaka mumewe alipofariki. Miezi mitatu sasa alijibu "sawa" kwa kila kitu, hata akiulizwa njia. Watu walisema amejikaza kisabuni. Hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikuwa hasikii kitu, basi.

Siku hiyo walikwenda kusafisha kaburi, yeye na mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi wa wembe. Mvua ikawakuta njiani wakirudi. Mto ukafurika, daraja la magogo likaenda na maji wakiliangalia. Bibi alikuwa amelowa chepechepe, meno yanagongana. Kumwacha hivyo mpaka maji yapungue kesho yake ni kumwua.

"Sasa?" akauliza mama mkwe.

"Sawa," akasema fundi, akashika panga walilofyekea makaburini.

Mikono ilijua kazi bila kumwuliza mwenyewe. Alikata mti mrefu, akaulaza juu ya miti miwili yenye panda, akaegemeza fito pande zote, akaezeka kwa matawi kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Majani makavu ya kulalia aliyachokoa chini ya mwamba, mahali pasipomtosha hata mbuzi. Lakini mazoea yana taabu. Miaka ishirini alishona mahema ya harusi na misiba, na alipomaliza, kibanda kilikuwa kirefu, mtu anapita wima. Upepo ukaingia huku, ukatokea kule.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kutoka ndani, midomo imebadilika rangi, "unangoja wageni wangapi?"

Zamani angecheka mpaka akae chini. Sasa alitazama tu, akaona ni kweli: amejengea watu hamsini, nao ni wawili. Akakivunja. Mara hii aliushusha mti wa kati mpaka kiunoni, akazisogeza fito, akarundika matawi mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Mlango akauacha wa kuingia kwa tumbo.

"Humu hata kugeuka ni kwa zamu," bibi akanung'unika.

"Ndilo joto lenyewe hilo, mama. Sogea."

Wakalala wamebanana, bibi nyuma yake. Tangu mazishi hawakuwa wamegusana hata mkono. Kila mmoja akimtazama mwenzake alimkumbuka marehemu, kwa hiyo walikwepana kwa adabu, nyumba ileile. Taratibu bibi akaacha kutetemeka, meno yakatulia.

Ndipo fundi akaanza yeye. Kutetemeka kulianzia miguuni, kukapanda, akashindwa kukuzuia.

"Kumbe na wewe una baridi," mama mkwe akasema. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu tumzike, mama."

Bibi akamzungushia mkono kifuani. Akamvuta karibu zaidi, ingawa nafasi ilikuwa imekwisha.