Bibi aliyesoma ukuta mtupu: likizo yangu kliniki ya macho Mpanda, kabla ya chuo cha udaktari

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma humu ndugu mmoja akidai kwamba kujitolea kliniki kabla ya kuingia chuo cha udaktari ni kupoteza muda, eti mtu "anabeba mafaili tu".

Nimestaafu utumishi wa umma katika idara ya afya, na sikubali dai hilo lipite bila kusahihishwa. Ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe. Pale kosa lilipokuwa langu, nitakiri lilikuwa langu.

Kwanza tuweke kumbukumbu sawa. Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda. Wakati huo hapakuwa na Mkoa wa Katavi. Tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Wanaoandika "Katavi ya miaka ya tisini" wanapotosha.

Nilikuwa karani wa masjala. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea udaktari, na wakati nasubiri majibu nikatumia likizo yangu yote kliniki ya macho.

Mkuu wa kliniki alikuwa muuguzi wa macho, nitamwita Mama Skola. Hakunipa faili hata moja. Alinipa rula na chati.

Chati ile ilikuwa na herufi E zilizogeuzwa huku na huko. Mgonjwa anasimama mita sita kutoka kwenye chati, mpimaji anagonga herufi kwa rula, na mgonjwa anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Anayefika mstari wa mwisho bila kukosea anaandikwa sita kwa sita: macho mazima, arudi nyumbani.

Wiki ile daktari bingwa alikuwa anakuja kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Orodha ilikuwa inafungwa saa sita mchana. Ukiikosa, hakuna aliyejua bingwa angerudi lini.

Asubuhi ya siku ya kufunga orodha akaingia bibi mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Kibaoni. Mkwewe alibaki benchini nje. Bibi alitembea taratibu, mkono mmoja ukiwa ukutani. Nilidhani ni uzee.

Nikagonga. Juu. Kulia. Kushoto. Chini. Jicho moja, kisha la pili. Hakukosea hata herufi moja.

Nikaandika sita kwa sita kwa mwandiko wangu mzuri wa masjala, nikamtakia safari njema.

Alipofika mlangoni akasimama mbele ya koti jeupe la Mama Skola lililoning'inia msumarini. Akainamisha kichwa.

"Asante, mganga. Mungu akuzidishie."

Koti halikujibu.

"Nyie watu wa mjini hamuitikii mtu mzima?"

Wakuu, nilipigwa na butwaa. Nikamwomba arudi. Nikaishusha chati kimyakimya, nikaiweka mezani, kisha nikaanza kugonga ukuta mtupu.

Juu. Kulia. Kushoto. Chini. Bibi aliusoma ukuta wa hospitali hadi mstari wa mwisho.

"Bibi, nani amekufundisha?"

"Benchini huko. Tangu juzi tunakaririshana. Anayetoka anamwambia anayeingia. Si anayeshindwa mnamng'oa jicho, mnampachika la mbuzi?"

Kumbe benchi zima lilikuwa linajiandaa kwa mtihani! Walikuwa wanahesabu milio ya rula yangu. Na kosa, naliandika hapa waziwazi, lilikuwa langu: nilikuwa nagonga kwa mpangilio uleule kila siku, maana karani hupenda mpangilio.

Mama Skola aliingia, akaelezwa, akacheka mpaka akashika meza.

"Karani! Umempa sita kwa sita mtu anayeaga koti langu?" Kisha akatazama saa. "Imebaki nusu saa. Mweleweshe."

"Bibi," nikasema, "hapa anayeshindwa ndiye anayetibiwa."

"Na mbuzi?"

"Hakuna mbuzi."

"Basi niandike, mjukuu wangu. Nataka nikaone magugu kwenye mpunga wangu. Mkwe ananiambia shamba ni safi, mimi simwamini."

"Mama, nakusikia!" ikatoka sauti benchini.

Nikampima upya kwa kumpungia mkono mbele ya uso. Rejista haifutwi. Nikapiga mstari mmoja juu ya kosa, nikaandika ukweli kwamba anaona mkono ukipungwa tu, nikasaini. Jina lake liliingia kwenye orodha dakika chache kabla ya saa sita. Wale niliowapima siku zilizotangulia ilibidi waitwe upya, na aliyetumwa kuwafuata kwa baiskeli ni mimi. Nilistahili.

Asubuhi baada ya upasuaji, bandeji ilitolewa. Bibi alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe karani ndiye wewe? Mbona mfupi hivi? Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Wodi nzima ikaangua kicheko, nami nikiwamo. Nikatundika chati, safari hii nimeigeuza juu chini, nikaanzia kwenye herufi kubwa. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu. Wa nne. Kwenye wa tano akakunja uso, akashusha mkono.

"Hapo sioni vizuri, mjukuu wangu. Niandikie hivyohivyo."

Nikaandika sita kwa kumi na nane: si macho mazima, lakini anaona. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijapata kuandika alama iliyonifurahisha kuliko ile.

Nilipofika chuo nilikwenda na somo hilo mkononi: mgonjwa akijibu vizuri kupita kiasi, geuza chati.

Mliopitia kliniki kabla ya chuo, wekeni yenu hapa chini niyasome. Na yule ndugu wa mafaili naye anakaribishwa, ila aje na kumbukumbu zake.