Idadi ya Bata Bukini

Kwa miaka kumi na mitano Juliet Matoush aliwapeleka wanafunzi wetu Wakrii, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, kambini kila theluji ilipoanza kulainika, wajifunze kuwinda bata bukini na kuisoma barafu ya ghuba. Kisha mwaka mmoja wafadhili wapya walileta fomu iliyotaka idadi ya bata watakaopatikana. Juliet akaiacha nafasi hiyo wazi. Kwetu mnyama hujitoa mwenyewe kwa mwindaji. Ukimhesabu kabla hajaja, umemtukana.

"Shangazi, jaza namba yoyote," alisema mpwa wake Elton, karani wa shule. "Bata hawasomi fomu."

"Na wewe husomi mbingu."

"Basi watoto wabaki darasani, wachore bata kwa kalamu za rangi."

Juliet akajaza arobaini. Pesa zikaja, tukaenda. Siku tisa watoto kumi na wawili walijibanza nyuma ya kuta za theluji wakiiga mlio wa bata, na makundi yakapita juu mno. Tulikula nyama ya kopo.

Wafadhili waliandika kwamba lengo halikufikiwa, wakajitoa. Wazee, walipoisikia ile arobaini, waliacha kumsalimia. Dukani mama mmoja alimwambia mbele ya foleni, "Wewe ndiye uliyewafukuza bata."

Mwaka uliofuata hapakuwa na kambi. Elton alimkuta Juliet stoo akifunga buti za watoto kwenye maboksi.

"Shangazi, ungejaza sifuri," akasema, "ungefaulu."

Juliet alimwomba amshikie utepe wa gundi.