Daktari Aliyeuliza Wanaume wa Nyumba

Mwaka wa pili wa Korona, sisi wahamiaji wa Guildford, magharibi mwa jiji, tulifungiwa zaidi kuliko matajiri wa ufukweni, nami nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Nilifanya kazi kwenye makao ya wazee, na huko ndiko nilikouokota ugonjwa. Watu wa afya wakanipigia simu kuuliza nyumbani tuko kina nani. Nikawatajia: mimi, mama, na mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu anayepakia mizigo ghalani.

Mama alikuwa pembeni anasikiliza.

"Umebapatia jina ya ndugu yako?" akauliza. Nilijua anawaza nini.

Alipokuwa msichana, mashariki mwa Kongo, alikuja mzungu aliyejiita daktari, na sanduku la chanjo ya ndui. Alichanja watoto bure, na kwenye kila mlango akauliza kwa upole wanaume wa nyumba ni nani na wako wapi. Bibi alimjibu, maana mtu aliyemtibu mtoto wako humfichi kitu. Siku chache baadaye wakaja askari, nao walijua nyumba za kuingia. Babu hakurudi. Miaka mingi ilipita ndipo mapadri waliompokea mgeni yule wakakiri kwamba alikuwa jasusi wa nchi ya mbali, akimsaka kiongozi mmoja wa waasi. Kiongozi mwenyewe hawakumpata. Chanjo ilikuwa ya kweli, na kovu lake mama anatembea nalo begani.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi hatukuletewa unyasi. Kesho yake waliobisha hodi walikuwa polisi pamoja na wanajeshi wenye magwanda, maana serikali iliwatuma kwenye mitaa yetu kuhakikisha wagonjwa wametulia ndani. Walikuwa wamebeba kisanduku cha chakula. Mmoja, mpole kabisa, akauliza yuko wapi yule mwanamume.

"Two only," mama akajibu, kwa Kiingereza chake chote.

Alishamtoa mdogo wangu kwa mlango wa nyuma, akamtuma akajifiche kwa mjane wa mtaa wa pili, rafiki wa mama wa maombi. Mdogo wangu alibisha, mama akalia, naye akaenda. Kwetu chozi la mama halina umri. Mdogo wangu hakujua kwamba nimeshamwambukiza. Mjane alimpokea, akampikia fufu, ugali wetu wa muhogo, wakaomba pamoja. Chanjo ya Korona mjane huyo alikuwa ameikataa, kwa sababu mama alimsimulia habari za daktari yule.

Kabla mwezi haujaisha, mjane alifia hospitalini, peke yake.

Sikumlaumu mama. Ningemlaumu vipi? Nilitaka kumlaumu mtu fulani, ila sikujua anaishi wapi, wala kama bado yu hai. Labda alistaafu vizuri, na wajukuu zake wanamwita babu.

Kwetu kifo kinapotokea, kila mwenye sehemu ndani yake hupelekewa habari, hata kama mmegombana, naye hulazimika kuja kilioni. Mama alikaa kitandani siku nzima akinitajia watu wa kupigiwa simu. Jioni akasema, "Na bale balimutumaka ule daktari, nani atabambia? Bakuye ku kilio."

Nikamwambia mazikoni wanaruhusiwa watu kumi tu, na wameshatimia.

"Basi," akasema, "bakamate nafasi yangu."