Kamba ya Karani

Asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, niliamka nyumbani kwetu Nambis, nikavaa koti, nikatoka bila kujua ninakokwenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi. Nyumba ya jirani haikuonekana. Jogoo wake tu ndiye aliyesikika. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Aliniona nikipita na hakuniuliza, maana alikwishazoea. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ya miguu hii hii. Mwalimu akisema kuna ziwa nyuma ya kilima, wenzangu walilichora, mimi nilikwenda kuliangalia.

Lakini siku nyingine zote niliondoka ili nikaone kitu. Asubuhi ile niliondoka ili nisikione. Kitu chenyewe kilikuwa kigingi cha mti kilichosimama nyuma ya zizi letu, na pembeni yake udongo uliochimbuliwa kwa kucha.

Nilikuwa na mbwa, mwanangu. Najua kwetu mtu mzima hakai akaeleza habari za mbwa, lakini mimi nimezeeka sasa, na aibu nyingi nimeziacha njiani. Wewe unayesoma hapa, labda juzi umemfukia paka wako nyuma ya nyumba, peke yako, ukanawa mikono ukaenda kazini kama kawaida. Basi kaa kidogo na mimi.

Siku chache kabla ya asubuhi ile nilikwenda mnadani Katesh. Sikuwa na cha kuuza wala cha kununua. Nilipenda tu kuona watu wanavyobishania bei za ng'ombe. Safari ya kabla ya hiyo mbwa wangu alilikimbilia lori nililopanda, nusura akanyagwe na lililokuwa linafuata. Kwa hiyo safari hii nilimfunga kamba kwenye kigingi, nikamwambia kaka yangu Paulo amlishe. Nilisema nitarudi kesho. Nikakaa siku tatu, kwa sababu kulikuwa na fundi mmoja anafungua redio na kuzifunga, nami nilitaka kujua sauti inatokea wapi.

Siku ya pili nyoka alitoka kwenye rundo la mabua. Mbwa aliyefungwa hana pa kurukia.

Niliporudi, Paulo alikuwa ameshampeleka korongoni. Aliniambia akiwa anachonga mpini wa jembe, bila kuinua macho. "Mdogo wangu, ni mbwa tu. Kule kijijini Daudi kuna mmoja amezaa, nitakuletea hata wawili." Hakusema kwa ubaya. Kwetu akifa mtu, majembe yanalala, majirani wanakuja kukaa na wewe, wanakuletea kuni na maji. Akifa ng'ombe, watu watapita kukupa pole na kukuuliza alikula nini. Akifa mbwa hakuna anayesimama. Nikasema, "Sawa." Bakuli lake la bati nikawawekea kuku maji. Kamba nikaifunga kiunoni juu ya koti, kama mkanda, nikajiambia kwamba nimeichukua kwa sababu mkanda sina.

Hayo ndiyo makosa yangu, na nilikuwa nayaita uanaume.

Nilitembea siku mbili. Siwezi kukueleza vizuri nilivyotembea, maana ilikuwa kama ndoto ambayo mtu anajua anaota na hataki kuamka. Ukungu ulikuja nami kipande kirefu. Watu walitokea ndani yake, wakanisalimia, wakapotea. Mahali fulani nilipewa uji, nimeisahau sura ya aliyenipa. Mara kwa mara nilisikia kucha ndogo zikigonga mawe nyuma yangu, nikawa najizuia nisigeuke, nikijua nikigeuka zitanyamaza. Siku ya pili mchana ukungu ulikatika ghafla na bonde lote la Yaeda Chini likawa chini ya miguu yangu, kavu, jeupe kwa mbali pale penye magadi, na moshi wa boma moja moja umesimama wima kama uzi. Nikashuka. Joto likanipokea. Nilijihisi kama mtu aliyetoka ndani ya maji.

Jua lilikuwa bado halijagusa vilima nilipofika kwenye boma la miiba la wafugaji wa Kidatoga. Pale langoni alisimama bibi mrefu, mwembamba, amevaa gauni la ngozi na bangili za shaba mkono mzima. Jina lake lote lilinishinda kutamka, akaniambia nimwite Bibi Uda, inatosha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Juu, Nambis."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

Akaniangalia viatu. "Kama hujui, basi umefika. Vijana wangu bado wako machungani. Njoo unishikie kitu."

Ndani ya zizi kulikuwa na ng'ombe mwekundu, kiwele kimevimba, amesimama peke yake kichwa chini. Ilikuwa siku ya nne tangu ndama wake afe. Ng'ombe wa huko, mwanangu, hatoi maziwa kama ndama hayuko karibu. Ukimkama hivi hivi anayazuia, yanakaa ndani mpaka yanamgeuka ugonjwa. Na nyumbani kwa bibi kulikuwa na mjukuu aliyekuwa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Nilimsikia analia ndani.

Bibi Uda alinipa ngozi ya yule ndama. Ilikuwa imekaushwa na kujazwa majani makavu, imeshonwa tumbo, haina macho, miguu ni vijiti vinne. Alikuwa ameipaka maji ya magadi. "Simama mbele yake. Iweke karibu na pua."

Niliiweka. Ng'ombe alinusa. Alinusa muda mrefu, halafu akaanza kulamba, polepole, kutoka shingoni kwenda mgongoni, kama anavyolambwa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Bibi alikuwa ameshachuchumaa na kibuyu chake. Nikasikia maziwa yanapiga.

Sikujua ni kwa nini nilikasirika. "Bibi, unamdanganya."

"Nani? Huyu?" Alicheka bila kuacha kukama. "Huyu amezaa mara sita. Unadhani hajui ndama na majani? Hii haipumui. Haimsukumi kiwele. Anajua kuliko wewe."

"Sasa mbona analamba?"

"Atalamba nini kingine?" Akakama kidogo. "Wa kwake hayupo, na ulimi bado unataka kulamba. Nikimnyima, anasimama tu hivi, anaugua, na mtoto wangu ndani analala njaa. Nikimpa, analamba siku kadhaa, halafu siku moja anaigeuzia mgongo mwenyewe, anakwenda kula. Mimi simwambii lini."

Halafu akasema, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hiyo kamba ni ya mbuzi?"

"Ya mbwa."

"Mbwa yuko wapi?"

"Hayupo."

"Anaitwa nani?"

Mwanangu, tangu nirudi kutoka mnadani nilikuwa sijalitaja jina lile. Nilitazama ulimi wa ng'ombe ukipanda na kushuka.

"Karani."

"Karani?" Sasa aliinua uso. "Mbwa wa kwenu anaitwa Karani? Aliandika nini?"

"Alikaa mlangoni akaangalia kila anayeingia. Na juu ya sikio alikuwa na mstari mweupe, kama kalamu ya karani wa mnada."

"Na wewe alikuandika?"

"Kila nilipoondoka," nikasema. Nililia nimeishika ile ngozi, na ng'ombe hakujali, alinilamba na mikono. Nikamweleza yote: lori, kigingi, fundi wa redio, siku moja iliyogeuka tatu, udongo uliochimbuliwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemuua.

Nilitegemea aniambie siyo. Hakuniambia.

"Ulimfunga kwa nini?"

"Asikanyagwe na gari."

"Basi ulimfunga ili aishi. Na akafa pale ulipomfunga. Yote mawili ni kweli, utayabeba yote mawili. Usichukue moja ukaliacha jingine." Akasogeza kibuyu. "Inua ngozi, unaishusha."

Nikainua.

Alipomaliza, alinipa maziwa ya kwanza baada ya mjukuu. Akaniambia na kwao mbwa hazikwi; yeye mwenyewe hajawahi kumzika hata mmoja. Lakini akanitajia majina ya mbwa wake waliokufa, mmoja mmoja: huyu alikuwa mwizi wa mafuta, huyu alipigana na fisi akabaki na jicho moja, huyu hakuwa na kazi yoyote ila kumfuata bibi kisimani. Aliyataja bila kulia, na bila haraka. "Umetembea siku mbili umemfungia mdomoni," akasema. "Hata ng'ombe analia mbele za watu. Wewe unamficha nani?"

Akaniweka kwenye kibanda cha vijana wake, akanitandikia ngozi karibu na mlango. Nilifungua kamba kiunoni nikaiweka chini ya kichwa kama mto. Mbwa wa boma, mweusi, mbavu nje, akaja akanusa kamba ile muda mrefu kuliko alivyoninusa mimi, akajizungusha, akalala kwenye miguu yangu. Sikumfukuza. Nilimuuliza bibi jina lake.

Nilikaa pale mpaka ng'ombe mwekundu alipoigeuzia ngozi mgongo. Niliporudi Nambis nilimwambia Paulo nataka kujua mbwa wangu alilala wapi. Akaacha kazi yake, akanipeleka korongoni moja kwa moja bila kutafuta. Alikuwa amemwekea mawe, na juu ya mawe miiba ya kuzuia fisi. Yule aliyesema ni mbwa tu. Nami nilikuwa nimeondoka bila kumuuliza.

Basi ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Akikufia mnyama uliyempenda, usikimbilie kusema sawa. Litaje jina lake mbele ya mtu hata mmoja, hata kama atacheka kwanza. Kitu chake kimoja kibakize, kamba au bakuli, ukiguse unapotaka kukigusa. Siku ya kukiacha utaijua mwenyewe, na usikubali mtu akupangie. Kama ulikosea, sema ulikosea, na useme pia ulimpenda, usiruhusu moja lifute jingine. Na usiwahukumu wa nyumbani kwa neno moja walilosema wakiwa na kazi mkononi. Waulize kwanza walimlaza wapi.

Mungu akupe njia yenye kivuli, na mwisho wake lango ambalo mwenye nyumba atakuambia umefika. Akupe na mtu wa kukuuliza, ili usitembee siku mbili kama mimi. Na kama huyo mtu bado hajapatikana, acha leo niwe mimi.

Wa kwako aliitwa nani?