Tundu la hewa la muzee

Leo mteja amenishusha kwenye ngazi, na nilistahili.

Nyumba iko hapa Goma, njia ya Sake. Muzee anaumwa kifua, analala na klimatizeri, ile mashini ya kupoza chumba. Lakini mama, mke wake, anaogopa chumba kilichofungwa. Kila saa anaamka kufungua dirisha, vumbi inaingia, muzee anakohoa tena.

Nikawaletea kamashini kanakoungwa kwenye klimatizeri. Kanatoa hewa iliyochoka, kanaingiza mpya bila vumbi, na ubaridi haupotei.

Tundu la kuvutia hewa nililichora chini, karibu na msingi. Kutoboa pale ni rahisi.

Niko juu ya ngazi, naunga kwanza kamashini kwenye klimatizeri, mama akaona ile alama ya chini.

“Mutoto wangu, shuka kwanza. Hii itavuta hewa ya wapi?”

“Ya inje, mama.”

“Ya inje pale chini? Pale mbuzi yetu ililala kwenye kashimo, haikuamuka.”

Mazuku! Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye udongo na kukaa chini, haina hata harufu. Mimi mutoto wa Goma, nimeonywa tangu natambaa! Mafundi wenzangu, nichekeni tu 🙈

Nikatoboa juu, karibu na mabati. Mashini ikawaka. Mama akaweka mkono kwenye kifua cha muzee, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaenda kufunga dirisha yeye mwenyewe.

Nikiwa napanga vyombo vyangu vya kazi, nikasikia mutu anakoroma. Nikafurahi, muzee amepata usingizi.

Kumbe muzee yuko macho. Kidole mdomoni, ananionyesha mama aliyelala kwenye kiti.

Nimetoka na viatu mkononi.