Adapta Mikononi mwa Mtani

Kompyuta yangu ni kuukuu na sina mpango wa kuibadilisha. Skrini yake ni ya chogo, na ukiiwasha unaweza kwenda kununua mkaa ukarudi ukaikuta bado inawaza. Naitumia kuchapa barua za watu na kadi za mialiko hapa Ng'ambo, Tabora. Tundu zake za USB zimekufa zote, isipokuwa ile ya printa, nayo siigusi, maana printa ikichomolewa hununa. Kilichobaki ni mdomo mpana pale mbele, wa kumezea memori kadi kubwa za kamera za zamani. Kadi za simu, ndogo kama ukucha, zingepotelea humo. Ndiyo maana nahitaji adapta, kile kiganda cha plastiki: kadi ndogo unaichomeka ndani yake, halafu kiganda ndicho kinachoingia kwenye kompyuta.

Zamani kadi nyingi ziliuzwa pamoja na adapta zake, watu wakazitupa. Siku hizi ukiiulizia dukani, muuzaji anakwambia, "Mama, nunua kompyuta mpya," kana kwamba kompyuta ni nyanya. Mimi nilikuwa nayo moja tu, tena imelegea, na ili ishike ilibidi niikazie na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Niliitunza kuliko hereni zangu.

Shangazi yangu, aliyenilea, hakupenda kuandika. Alikuwa na simu ya vibonye, na humo alijirekodi: jinsi ya kukausha matobolwa ya viazi vitamu yasiote ukungu, lawama kwa kuku wa jirani, maombi, na zaidi ya yote, matusi. Matusi yote yalikuwa ya mtu mmoja, mzee wa Kizaramo aliyestaafu reli na kubaki na nyumba yake karibu na stesheni. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kupita kwao. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kitu mpaka ukikomboe, anakucheka msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Shangazi alikuwa akifanya mazoezi ya matusi yake kwenye simu, akijisikiliza, akiyarekebisha, ndipo ampelekee mzee yakiwa yameiva.

Shangazi alipougua, simu ilidumbukia kwenye ndoo ikafa kabla yake. Kadi iliyotunza rekodi ikapona. Alipofariki, sauti yake haikubaki popote pengine.

Siku ya kuanua matanga nikaona niihamishie kwenye kompyuta, watu wote wakiwepo. Nikachomeka, nikakazia karatasi, nikafungua rekodi ya kwanza. Shangazi akalipuka sebuleni: "Wewe mzee wa pwani, mvivu hata kivuli chako kinatangulia kulala!" Waombolezaji wakacheka mpaka wengine wakalia upya. Mzee mwenyewe alikuwepo. Tangu asubuhi alikuwa amevaa khanga ya marehemu na kilemba chake, akitembea kwa madaha kama yeye, akitugombeza kwa chai isiyo na sukari. Aliposikia sauti ile akaacha madaha. Kisha akaja moja kwa moja kwenye kompyuta, akaichomoa adapta na kadi yake ndani, akaitia kifuani.

"Nimeteka," akasema.

Mimi sina subira, nimeumbwa hivyo. Nikapiga kelele. Nikamwambia kadi haichomolewi hivyo, itaungua, tena sijahamisha hata neno moja. Baba mdogo akanishika mkono. "Mwanangu, mtani hanuniwi. Toa kitu ukomboe."

Basi nikatoa jogoo, kama ilivyo desturi. Akamtazama, akatikisa kichwa, akaondoka na adapta. Hapo hata wazee waliduwaa. Mtani kukataa fidia hawakuwahi kuona.

Nikabaki na hofu ambayo ni mwenye kuyajua mambo haya tu anayeielewa. Kadi ikiingizwa kwenye mashine isiyoielewa, mashine inauliza kama unataka kuifomati, yaani kuifuta yote. Mtu asiyejua anabonyeza ndiyo, maana ndiyo ni jibu la adabu. Au angeipeleka kwa wale wanaojaza nyimbo pale sokoni, nao wanasafisha kwanza bila kuuliza, halafu wanakuwekea singeli. Nililala na hofu hiyo, nikaamka nayo, nikachapa nayo kadi ya harusi nikakosea jina la bwana harusi. Na hasira nisingeweza kumpelekea mwenyewe, maana ni mtani. Nikatunga matusi kimoyomoyo, moja baada ya jingine.

Mwisho nikashindwa. Nikamfunga jogoo yule yule miguu, nikaenda stesheni.

Kabla sijabisha hodi nikamsikia shangazi. Alikuwa ndani, anatukana, sauti imepaa, ile ya asubuhi akiwa na afya. Rekodi ikafika mwisho, mzee akajibu kwa upole: "Na wewe, mpagazi usiye na mzigo, umeniachia nani?" Halafu kitufe kikalia, na shangazi akaanza tena matusi yale yale.

Nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya redio kuukuu, ya aina ile yenye mdomo mpana kama wa kompyuta yangu. Kadi peke yake isingemfaa kitu. Alihitaji adapta kama mimi, na alikuwa ameikazia na kipande cha karatasi.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Shikamoo ya nini? Shangazi yako huyu hajawahi kuniamkia." Hakuizima redio. "Umekuja kukomboa kitu changu."

"Ni chetu, babu. Naomba nikahamishe tu, nikurudishie. Hata leo."

Akamtazama jogoo. "Jogoo nitamla ataisha. Huyu mwanamke kanitukana tangu nikiwa na meno yote. Wenzangu wote wa reli wamekufa, watoto wangu wananiheshimu mno. Nani atanitukana sasa?"

Nikakaa palepale kwenye kizingiti. Matusi niliyoyaweka akiba kwa ajili yake yalikuwa mengi, na hayakutoka hata moja. Nililia kwa sauti, jambo ambalo msibani nilikuwa nimelikataa. Mzee akachomoa adapta taratibu, akaipuliza vumbi, akaishika mkononi bila kunipa.

"Toa fidia," akasema. "Nitukane."

Nikafuta uso kwa khanga. "Wewe mzee," nikaanza, nikasita nikapenga kamasi. Nikarudia. "Wewe mzee wa minazi, umeiba sauti ya marehemu kwa kuwa ile yako hata mbu hawaiogopi."

Akafikiri, kichwa upande, kama anayeonja mchuzi. Kisha akaniwekea adapta kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Chumvi bado," akasema. "Njoo tena Jumapili."