Plasta ya Mama na Bustani ya Kisiwani

Sogea karibu, nikusimulie siku niliyoingia katika kasri la kifahari nikashindwa kulitazama.

Binti yangu anafanya kazi ya uuguzi kaskazini mwa Italia. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa nne, alinipeleka kwa boti hadi kisiwa kidogo ziwani. Karibu kisiwa chote kimejaa kasri la mtindo wa Baroko, yaani ule wa mafundi wa zamani wasiokubali kuacha hata shubiri moja ya ukuta bila pambo: malaika wa plasta, dhahabu, vioo kila upande. Nyuma yake bustani inapanda ngazi kwa ngazi kama mashamba yetu ya nyumbani, mlimani Gonja, ila penye migomba na kahawa wao wameweka malimau na sanamu.

Nilipaswa kufurahi. Lakini asubuhi ile mdogo wangu alikuwa ametuma picha kutoka nyumbani. Mvua ilikuwa ikinyesha siku ya tatu, na ukuta unaoshikilia shamba juu ya jiko la mama ulikuwa umetoa kitambi. Ukianguka, unaangukia jiko. Mama alikataa kutoka humo.

Nikueleze kuhusu ukuta huo. Baba aliujenga kwa mawe matupu, yamepangwa moja juu ya jingine bila saruji. Mwaka juzi nilikwenda likizo nikauonea aibu, nikaagiza fundi aupige plasta chini mpaka juu, uwe laini kama wa ofisi za Same mjini. Majirani walikuja kuupapasa kwa viganja. Mama peke yake aliuliza, "Sasa maji yatapita wapi?" Nikamjibu kwamba yeye mambo ya siku hizi hayaelewi.

"Baba, tazama dari," binti yangu aliniambia.

"Nimeiona."

"Umeona simu."

Tulipita vyumba vya chini vilivyopambwa kwa kokoto kuta zote. Sikumbuki hata kimoja sawasawa. Nje, kwenye ngazi ya tatu ya bustani, niliona mchirizi wa unyevu ukutani. Nikafuata kwa kidole, nikakuta tundu. Hatua mbili mbele, tundu jingine. Mama mmoja mtunza bustani akasimama na mkasi wake, akasema neno.

"Anauliza kama umepoteza kitu," binti akatafsiri.

"Mwulize matundu haya ni ya nini."

Walizungumza kidogo. "Anasema maji ya mvua hukaa nyuma ya ukuta. Yakikosa pa kutokea, yanausukuma. Kila mwaka wanayazibua kwa waya."

Nilipiga simu papo hapo.

"Shikamoo, kaka," alisema mdogo wangu.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Jikoni, na makande yake. Anasema ukimwambia tena atoke, anazima simu."

"Chukua mtaimbo. Toboa ukuta kwa chini, kila baada ya hatua mbili. Anzia pembeni, usisimame mbele ya kitambi."

"Nitoboe plasta yako?"

"Toboa."

"Ile uliyotukataza hata kuiegemea?"

"Toboa, bwana."

Nikakaa kwenye benchi la mawe chini ya sanamu. Nikasimama. Nikakaa tena. Tausi mweupe alipita akiburuta mkia, watu wakampiga picha, nami nikawa nahesabu madirisha ya kasri na kupoteza hesabu. Binti yangu alinishika mkono.

Simu ilipolia, nilisikia maji kabla ya sauti. Yalikuwa yakimwagika kwa nguvu, mdogo wangu akasema, mekundu kwa udongo, kutoka kila tundu. Kitambi kilibaki, lakini ukuta ulisimama. Kisha mama akachukua simu.

"Maji yamepata njia," alisema. "Haya, nisimulie, huko kuna nini?"

Nikageukia kasri kwa mara ya kwanza siku ile, nikaanza kwa kumweleza kuhusu matundu.

Nawe, kama una ukuta unaoshikilia udongo, uende kuutazama kabla mvua hazijaanza, shubiri moja kutoka chini. Ukikuta matundu, yazibue kwa waya. Usipoyakuta, mwite fundi ayatoboe.